Sahani Nyekundu, Nyumba za Duara: Siku Tisa Katika Jimbo la Britania

Siku ya 1, 4 Septemba. London

Nimetua alfajiri, nikaacha begi kwa mwenyeji wangu, nikaenda British Museum kabla usingizi haujanishinda. Haja yangu ilikuwa chumba kimoja tu, cha Britania ya Kirumi.

Nieleze ninachofuata huku. Nilisomea akiolojia Dar es Salaam, na msimu mmoja mzima nilichambua vigae vya Kilwa Kisiwani, kigae kwa kigae. Tangu wakati huo swali moja halijaniacha: watu wakitekwa, kisha ukachimba kwao miaka mia baadaye ukakuta vyombo vya waliowateka, utasema nini kilitokea hapo katikati? Kwetu Pwani wageni hawakututeka kwa namna ile ya Roma, lakini swali la vyombo tunalijua, maana liliwahi kujibiwa haraka mno. Palipoonekana bakuli la Uchina au kigae cha Uajemi, jengo zima lilihesabiwa la wageni. Majimbo ya Roma yamebishaniwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na Britania zaidi ya mengi. Nimekuja kuyasikia mabishano hayo nikiwa na mawe yenyewe mbele yangu.

Jiwe la kwanza ni la kaburi la Gaius Julius Alpinus Classicianus, aliyesimamia fedha na kodi za jimbo baada ya Malkia Boudica wa Wabritoni, wenyeji wa kisiwa, kuiasi Roma mwaka 60 au 61. Vipande vyake viliopolewa mwaka 1852 na 1935, vilikuwa vimetumiwa tena kama mawe ya kujengea. Herufi ni kubwa, zimekatwa kwa ustadi, na ukisoma haraka utasema huyu ni Mrumi wa Roma. Soma polepole. Mtu huyu ametoka Galia, yaani Ufaransa ya leo na jirani zake, na mkewe, Julia Pacata, ni binti wa Indus, mkuu wa kabila la Watreveri aliyeisaidia Roma kuzima uasi wa watu wake mwenyewe mwaka 21. Pacata maana yake ni "aliyetulizwa", kama nchi inavyotulizwa kwa jeshi. Baba amemtazama mtoto wake mchanga, akampa jina hilo.

Nimesimama pale hadi mlinzi akaanza kuniangalia. Aliyeletwa kuwakusanyia Wabritoni kodi alitoka kwa watu ambao nao walitekwa, vizazi vichache tu nyuma yake.

Siku ya 2, 5 Septemba. Colchester

Treni kutoka Liverpool Street ilichukua kama saa moja. Mwaka 43 majeshi ya Mfalme Klaudio yalivuka bahari, yakauchukua mji mkuu wa Wabritoni wa mashariki, Camulodunum, ambao ndio Colchester. Mwaka 49 pakafanywa koloni la askari wastaafu. Wakajitwalia mashamba ya wenyeji, na pakainuliwa hekalu la Klaudio. Boudica alipoasi, mji huu ndio wa kwanza kuteketea, na mpaka leo wachimbaji wanakutana na tabaka la udongo mwekundu uliobabuka chini ya barabara na maduka. Ngome ya Wanormani ya karne ya 11 imekalia msingi wa hekalu lile. Mwongozaji alituteremsha chini tukauona, ukiwa bado unabeba jengo.

Ghorofani yupo Longinus Sdapeze, mpanda farasi wa jeshi la Roma aliyetokea Sardica, ambayo leo ni Sofia ya Bulgaria. Amechongwa juu ya farasi, na chini ya kwato amejikunyata mtu uchi. Jiwe lilipatikana 1928 likiwa halina uso. Ikasimuliwa kwamba wafuasi wa Boudica waliupasua uso ule kwa hasira, na nani asingependa kuamini hivyo? Mimi mwenyewe niliwafundisha wanafunzi hivyo. Kisha mwaka 1996 wachimbaji walirudi mahali palepale, wakauokota uso wenyewe, na ikaonekana kwamba huenda ulivunjwa na vibarua siku jiwe lilipotolewa. Kwa miaka 68 watu walisoma uchungu wa waliotekwa kwenye kovu ambalo yawezekana ni la sururu.

Karibu na hapo kuna vitu vya makaburi ya Stanway, nje kidogo ya mji, ya kati ya mwaka 40 na 60 hivi, miaka ileile ya kutekwa. Mmoja wa waliozikwa anaitwa na wachimbaji "tabibu", kwa sababu alizikwa na vifaa vya upasuaji, na chujio lililokuwa bado na mabaki ya mmea wa dawa. Alizikwa pia na ubao wa mchezo, kete za kioo za buluu na nyeupe zikiwa zimepangwa tayari kuchezwa. Mna sahani za kutoka ng'ambo na chombo cha divai. Lakini namna ya kuzika ni ya wenyeji, iliyokuwapo kabla ya majeshi ya Roma kufika. Ukihesabu vyombo utamwita Mrumi. Ukitazama alivyolazwa na nani amelala jirani yake, utasita.

Kilichonishika zaidi ni kabati dogo ambalo wageni walikuwa wakilipita bila kusimama. Ndani mna vijiti vya shaba vilivyofungwa pamoja kwenye pete: kibano cha nywele, kijiko cha masikio, na kichokonoo cha kucha chenye ncha mbili kama ulimi wa nyoka. Ungedhani ni usafi wa Kirumi, ndugu wa mabafu. Wanaakiolojia Hella Eckardt na Nina Crummy walipovikusanya vitu hivi na kuvihesabu, waliona kwamba vichokonoo vya kucha vya namna hii ni adimu katika bara la Ulaya, lakini Britania vimejaa, hata katika vijiji na vimiji ambavyo havina jengo moja la marumaru. Kumbe Wabritoni walichukua wazo la kujitunza mwili wakalifanya lao, kwa kifaa ambacho Mrumi wa Italia huenda angekishangaa. Nilivichora vyote kwenye daftari.

Siku ya 3, 6 Septemba. Reading

Nimefikia kwa shemeji yangu, mume wa dada, mtu wa Tanga aliyeishi hapa miaka kumi na tisa. "Shemeji, wewe umekuja Ulaya kuangalia vigae vilivyovunjika?" aliniuliza stesheni, huku amelibeba begi langu. Nikamjibu ndiyo, na kesho atakuja nami.

Mchana tulikwenda makumbusho ya Reading, yaliko mengi ya yaliyochimbwa Silchester, mji wa Kirumi tutakaouona kesho. Kuna tofali la kupitishia hewa ya moto ambalo mfinyanzi aliliandika kwa kidole likiwa bichi: Clementinus amelitengeneza bomba hili. Basi. Mfanyakazi wa tanuri, kwa Kilatini.

Tofali na maandishi ya namna hii yaliinua nadharia nzima. Mwaka 1905 Francis Haverfield wa Oxford alitoa mhadhara kuhusu jinsi Britania ilivyofanywa ya Kirumi. Alionyesha kwamba lugha, nyumba, vyombo na dini vilielekea Roma pamoja, na maandishi ya Silchester kwake yalikuwa ushahidi kwamba hata mtu wa chini alisema Kilatini. Alikuwa mchunguzi makini, wa kwanza kupanga ushahidi wa vitu wa jimbo zima. Lakini alizungumza wakati Uingereza ikitawala India na sehemu kubwa ya Afrika, mbele ya watu walioiona Roma kuwa babu yao katika kazi ya kustaarabisha. Mwanaakiolojia Richard Hingley ameufuatilia uhusiano huo kwa undani, na mimi, mjukuu wa waliostaarabishwa, siwezi kuusoma mhadhara ule bila kusikia sauti ya bwana shauri.

Jioni, nikikata vitunguu, nilijaribu kumweleza shemeji kwa Kiswahili, na Kiswahili kikanisaidia kuliko nilivyotarajia. Haverfield anasema juu ya *kurumishwa*. Kitenzi hicho kina mtendaji mmoja na mtendewa mmoja: Roma inarumisha, Mbritoni anarumishwa. Hakuna nafasi ya mtu kuchagua, wala ya mtu kukataa, wala ya mtu kuchukua kijiko cha masikio na kuacha mengine.

Shemeji akaniambia nimpishe, anatafuta kopo la tui. Juu ya kabati la vyombo pamekaa mbuzi ya kukunia nazi, aliyokuja nayo dada kutoka Tanga, imepakwa vanishi na kuwekewa ua la plastiki. Tui letu lilitoka koponi. Niliitazama ile mbuzi muda mrefu. Mchimbaji wa miaka elfu ijayo akiikuta chini ya nyumba hii atasema hapa nazi ilikunwa, na hatakuwa na habari ya kopo, maana kopo litakuwa limeoza. Nikamuuliza shemeji mara ya mwisho kuikalia ni lini. Akafikiri. "Siku dada yako alipojifungua wa kwanza. Mama alikuja."

Siku ya 4, 7 Septemba. Silchester

Tulishuka stesheni ndogo ya Mortimer, tukatembea kama saa moja na chupa ya chai. Silchester ni mahali pa pekee: mji wa Kirumi, Calleva Atrebatum, uliohamwa na usijengewe mwingine juu yake. Ukuta unazunguka karibu kilomita 2.4, mahali pengine bado unampita mtu kimo. Ndani ni malisho, na kanisa dogo pembeni.

Kuanzia 1997 hadi 2014 Michael Fulford na wenzake wa Chuo Kikuu cha Reading walichimba kitalu kimoja tu cha mji huu. Miaka kumi na minane kwa kitalu kimoja. Waliposhuka chini ya Roma, waliukuta mji mwingine, wa kabla ya 43, wenye njia zilizopimwa na kunyooshwa. Wakazi wake walikula kutoka sahani za Galia na kunywa divai ya ng'ambo. Jikoni mwao mlikuwa na mbegu za giligilani, na kisimani mwao ilipatikana kokwa ya zeituni. Mtawala wao mmoja, Eppillus, alipiga sarafu zenye neno *rex*, yaani mfalme, na jina la Calleva, kwa herufi za Kilatini.

Shemeji alikaa juu ya ukuta akamimina chai. "Kwa hiyo walikuwa Warumi kabla Warumi hawajaja?"

Nikamwambia hapo ndipo mwanaakiolojia Martin Millett alipoligeuza jambo mwaka 1990. Roma haikuwa na makarani wa kutosha kumfundisha kila mtu. Ilitawala kupitia wakuu wa wenyeji, na wakuu hao ndio waliotafuta toga (vazi la heshima la Kirumi), mabafu na mozaiki, ili wawe juu ya wenzao kama walivyokuwa zamani kwa ng'ombe na mapanga. Walio chini yao wakaiga. Kwa kitenzi chetu, *walijirumisha*. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi sana, kwa sababu mwenyeji alipewa akili yake. Ni hatua ileile iliyopigwa Pwani. Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980, aliikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, ikirudi nyuma hadi karne ya 8, na vyungu vilivyoizunguka vilikuwa kwa sehemu kubwa mno vya kienyeji. Waliosali pale walikuwa watu wa pale.

Lakini nilimwonyesha shemeji pia jambo lisiloingia vizuri katika kujirumisha. Warumi walipochora mitaa ya Calleva kwa pembe mraba, katika kitalu kilichochimbwa wenye nyumba waliendelea kujenga kwa mshazari, kwa kufuata mwelekeo wa mji wa zamani, hadi karne ya 3. Sakafu za Kirumi, vyombo vya Kirumi, na nyumba imekaa upande ikiukata mpango wa serikali. Zaidi ya miaka mia moja na hamsini! Huo si uvivu. Kila fundi aliyejenga upya alilazimika kuamua tena.

Tulirudi na matope hadi magotini. Shemeji amesema atawaleta watoto.

Siku ya 5, 8 Septemba. Bath

Njiani nilirudia kusoma Tasito, aliyeandika habari za baba mkwe wake Agricola, gavana wa Britania kuanzia mwaka 77 hivi. Anasema Agricola aliwahimiza wenyeji wajenge mahekalu, masoko na nyumba, akawasomesha watoto wa wakuu, na polepole wakapotelea kwenye vibaraza, mabafu na karamu. Wasiojua waliuita huo ustaarabu, asema, na kumbe ulikuwa sehemu ya utumwa wao. Mwandishi wa Kirumi, mkwe wa gavana, ndiye aliyeandika hivyo.

Halafu unashuka, na bafu lenyewe liko mbele yako likifuka mvuke. Chemchemi inatoa zaidi ya lita milioni moja kwa siku, kwa joto la nyuzi 46. Kabla ya Roma ilikuwa ya mungu wa kike Sulis. Warumi wakamkuta, wakamwunganisha na wao: Sulis Minerva, jina la mwenyeji likitangulia.

Nilichokuja kukiona ni vile vibati vya risasi. Karibu 130 vimetolewa chemchemini, vimekunjwa au kuviringishwa, na karibu vyote vinamshtakia mwizi kwa mungu. Docimedis amepoteza glavu mbili, anaomba aliyeiba apoteze akili na macho. Docilianus mwana wa Brucerus ameibiwa vazi lenye kofia. Anamtaka Sulis asimpe mwizi usingizi wala watoto, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au mwungwana, mpaka alirudishe vazi hekaluni.

Mtu wa Pwani hahitaji kufafanuliwa. Kwetu aliyeibiwa hutangaza kwamba atasoma halbadiri, na nimewahi kuiona baiskeli ikiwa imeegemezwa mlangoni alfajiri, kabla kisomo hakijaanza. Nguvu iko katika kutangaza, na katika maneno kusemwa kwa utaratibu wake.

Sasa waangalie waombaji hawa. Majina yao mengi ni ya Kikelti. Wanachoibiwa ni nguo, sarafu, sufuria. Lugha ni Kilatini cha mitaani, na fomula ni ya kisheria kama ya wakili, ila vibati viwili vimeandikwa kwa maneno ambayo hayasomeki kwa Kilatini na huenda ni lugha ya Wabritoni wenyewe. Huyu amerumishwa? Amejirumisha? Mwanaakiolojia Jane Webster mwaka 2001 alipendekeza tutazame walivyofanya wachimbaji wa Karibi na Marekani waliochunguza maisha ya watumwa, wakaona vyombo vya bwana vikitumika kwa makusudi ya mtumwa, kama lugha za krioli zinavyochukua maneno ya mwenye nguvu na kuyapanga kwa sarufi nyingine. Kwa Docilianus naliona kabisa. Risasi, kalamu na sheria ni vya Roma. Anayeombwa ni Sulis, na anayejua ukali wake ni mwenyeji.

Siku ya 6, 9 Septemba. York

Mvua kutwa. Treni ilichelewa, nikapata saa mbili tu. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alifia mji huu mwaka 211 akiwa mfalme wa dola nzima. Katika makumbusho ya Yorkshire nilimwamkia mwanamke aliyefukuliwa 1901 na bangili zake, nyingine za pembe ya ndovu, nyingine za jiwe jeusi la Whitby. Vipimo vya fuvu vilivyotolewa 2010 vilimhusisha na Afrika kwa sehemu. Vipimo vya fuvu vinapingwa na wengi, nami ni mmoja wao, ila bangili nyeupe na nyeusi mikononi mwa mtu mmoja sikuweza kuziacha haraka. Vivien Swan, mtaalamu wa vyungu vya Kirumi, alionyesha kwamba York palifinyangwa vyungu vya kupikia vya mtindo wa Afrika ya Kaskazini, kwa udongo wa hapahapa. Vyungu vya kupikia naviamini kuliko fuvu. Sahani ya mezani utainunua ili mgeni aione. Sufuria ya kuchemshia unaitaka kwa sababu ulilelewa nayo.

Siku ya 7, 10 Septemba. South Shields

Kutoka Newcastle unapanda Metro hadi mwisho, mto Tyne unapoingia baharini. Ngome ya Arbeia iko katikati ya nyumba za watu. Nilikuja kwa ajili ya jiwe moja.

Mwanamke ameketi kwenye kiti cha matete kilichofumwa, ametuelekea sawasawa, na nguo yake imeporomoka kwa mikunjo mizito. Mapajani ana kijiti cha kusokotea sufu. Kushoto kwake kapu la sufu, kulia anafungua kisanduku. Uso umekatika. Chini kumeandikwa kwa Kilatini chenye makosa: Regina, aliyeachwa huru na kuolewa na Barates wa Palmyra (mji wa Siria), Mkatuvellauni kwa kabila, alikufa na miaka 30. Chini yake tena kuna mstari wa Kiaramu cha Palmyra, na mkono uliouchonga unatembea kwa raha: Regina, aliyeachwa huru na Barates, ole.

Jiwe lilipatikana 1878 na limechapishwa katika vitabu visivyohesabika kama picha ya dola iliyochanganya watu. Msiria, Mbritoni, Kilatini, Kiaramu, mapenzi. Na huzuni ya Barates naiamini. Jiwe kubwa hivi lina gharama, na neno lile la mwisho halikuwa la lazima.

Lakini Wakatuvellauni walikaa mbali kusini, upande wa St Albans ya leo, na mtu wao hawi mtumwa ufukweni huku bila kuuzwa au kutekwa na mtu. Regina ni "Malkia". Waliolelewa Pwani tunajua majina ya namna hiyo. Watumwa wa Unguja na mrima waliitwa Mabruki, Baraka, Faraji, Zafarani, majina mazuri ya baraka na manukato waliyopewa na aliyewanunua, na jina la mama likabaki njiani. Sijui kama kuna kitabu cha Kiingereza kinachomfanya msomaji asikie jina "Regina" kama sisi tunavyolisikia. Nilipolisoma kwa sauti pale, koo lilinikaba.

Mwanaakiolojia David Mattingly alitaka neno lile la Haverfield, kurumishwa, liachwe kabisa, kwa sababu linaweka chini ya kifuniko kimoja maisha yasiyofanana: ya mkuu wa kabila, ya askari, ya mkulima anayelipa kodi, ya mtumwa. Kila mmoja aliipata Roma yake. Leo nakubaliana naye. Kisanduku, kiti, vazi, kila kitu alichochongwa nacho Regina ni cha mwanamke wa heshima wa dola, na hatujui hata kimoja alichokichagua mwenyewe. Mume ndiye aliyelipa na mchongaji ndiye aliyepanga.

Jiwe la pili ni la Victor, "Mmauri kwa taifa", mwenye umri wa miaka 20, aliyeachwa huru na Numerianus, mpanda farasi wa kikosi cha Waasturia. Amejilaza kwenye kitanda cha karamu na kikombe mkononi, kwa mchongo unaofanana na wa Palmyra. Kijana wa Afrika ya Kaskazini, bwana wa kikosi chenye jina la Hispania, patasi ya Siria. Naye pia jina lake ni la kupewa: "Mshindi".

Siku ya 8, 11 Septemba. Vindolanda

Nimeipanga safari ili leo niwe hapa. Mwaka 1973 Robin Birley alichimbua katika udongo uliojaa maji wa ngome hii ya Kirumi vibao vyembamba vya mbao vyenye maandishi ya wino, na baadaye mamia zaidi yakafuata. Kimojawapo, cha karibu mwaka 100, ambacho asili yake niliiona London siku ya kwanza, ni barua ya Claudia Severa kwenda kwa Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda wa ngome hii. Anamwalika sherehe ya kuzaliwa kwake, tarehe 11 Septemba. Karani ameandika barua, kisha Severa mwenyewe ameongeza mistari kwa mkono wake: nitakungoja, dada. Ni kati ya maandishi ya kale kabisa ya Kilatini yanayojulikana ya mkono wa mwanamke.

Basi la AD122, lililopewa jina la mwaka ambao ukuta wa Hadriano, mfalme wa Roma, ulianza kujengwa kaskazini mwa jimbo, liliniacha juu ya kilima, upepo ukivuma kutoka magharibi. Ngome ni ya zamani kuliko ukuta. Mume wa Lepidina, Flavius Cerialis, aliongoza kikosi cha Wabatavi, watu wa nchi ambayo leo ni Uholanzi, walioiasi Roma mwaka 69, yaani wakati wa baba zao. Askari mmoja anamwandikia kwamba wenzake hawana bia, aagize iletwe. Bia, si divai. Na katika kibao kingine mtu wa ngome anawadharau wenyeji wanavyopigana, akiwaita *Brittunculi*. Kiswahili kinaliweza neno hilo barabara: Vijibritoni. Dharau ile imetoka kwenye kalamu ya mtu wa kikosi ambacho wazazi wake walikuwa "vijitu" vivyo hivyo kwa mtu mwingine.

Lakini kitu kilichonikalisha chini ni nyumba za duara. Kwa miaka mingi tulifundishwa: duara ni Mbritoni, mstatili ni Mrumi, na kadiri mstatili unavyoongezeka ndivyo Urumi unavyosonga. Hapa Vindolanda, mwanzoni mwa karne ya 3, siku za vita vya Severus kaskazini, palijengwa nyumba za duara za mawe kwa safu, mgongo kwa mgongo, zimepimwa kwa kamba ya jeshi. Nani alilala humo? Wengine wanasema wakimbizi wa kaskazini waliokuwa upande wa Roma. Wengine wanasema mateka, au vibarua walioletwa kwa lazima. Msingi ni uleule kwa mgeni aliyekaribishwa na kwa mtu aliyefungwa. Nilipiga hatua kutoka ukuta hadi ukuta wa mojawapo. Nilihesabu tano. Familia moja, labda, na moto katikati.

Niliwauliza vijana waliokuwa wakichimba kama wana maoni. Binti mmoja, mwenye matope hadi kwenye nyusi, alisema angetaka kuona walichopikia. Nikamwambia hata mimi.

Siku ya 9, 12 Septemba. Burgh by Sands

Basi kutoka Carlisle, abiria wanne. Kijiji kimetandaza nyumba zake juu ya ngome ya Aballava, karibu na mwisho wa magharibi wa ukuta. Mwaka 1934, katika kijiji jirani cha Beaumont, ilipatikana madhabahu ya Jupita iliyowekwa na kikosi cha Wamauri wa Aurelius kati ya 253 na 258. Watu wa kikosi hicho asili yao ni Mauretania, nchi za Moroko na Aljeria za leo. Wanaandikwa mara nyingi kama jumuiya ya kwanza ya Waafrika inayojulikana kwa jina katika kisiwa hiki, na nilivyokuwa nyumbani nilikuwa naitaja habari hiyo kwa fahari.

Bado nina fahari. Ila baada ya siku nane nimejikuta nauliza maswali ambayo madhabahu haiyajibu. Kikosi kilipokaa vizazi viwili au vitatu, walijaza nafasi za waliokufa kwa vijana wa wapi? Mke wa mmoja wao alikuwa nani, alipikia nini, mtoto alijibu kwa lugha gani? Jiwe limeandikwa kwa Kilatini, kwa Jupita wa Kirumi, kwa heshima ya wafalme wawili, kama amri ilivyotaka. Hapo ndipo panapoonekana sura ya jeshi. Sura ya nyumbani ingekuwa jikoni, na jikoni ziko chini ya bustani hizi za kabichi na waridi.

Kanisa la Mtakatifu Mikaeli limejengwa ndani ya eneo la ngome, kwa mawe yaliyong'olewa kwenye ukuta wa Hadriano. Niliuzunguka ukuta wake nikiwa nimeweka kiganja juu ya mawe ya mraba, jiwe kwa jiwe. Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani alinisalimu, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akazima mashine, akanipeleka nyuma ya ua wake, akanionyesha kigae chekundu kama ukucha wa kidole gumba, alichokiokota akipanda viazi. Kilikuwa na mng'ao bado, na upande wa ndani kimekwaruzwa sana, mistari mingi midogo ikienda upande mmoja, kama chombo kilichokuwa kikikorogewa kitu kila siku.

Alinipa nikishike. Nilikigeuza kwenye mwanga mpaka basi likaja.